Tandiko la Baba Ukutani

Kila aingiaye nyumbani kwangu huona kwanza tandiko la farasi ukutani. Wageni hucheka na kuniuliza, "Mzee, na farasi yuko wapi?" Farasi hayupo, wala sijapata kuwa naye hata siku moja. Basi, wasomaji wapenzi, nipeni nafasi niwaeleze tandiko hilo lilifikaje pale.

Marehemu baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Molo. Neno hilo saisi asili yake ni Kiarabu, nalo lilitufikia kwa njia ya Bara Hindi. Baba aliamka alfajiri, akawapiga farasi brashi, akasafisha kwato zao, akawapa maji. Mara nyingine alisafiri nao mpaka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Mahali pengi pa Afrika farasi hawadumu, maana mbung'o huwaambukiza nagana, na usubi huwaletea ugonjwa mwingine uuao upesi. Kwetu kwenye baridi wadudu hao ni wachache. Hata hivyo, wakati wa mvua baba aliwafungia farasi bandani kabla jua halijachwa, kwa kuwa usubi huuma usiku.

Mwaka 1964 yule bwana aliuza shamba akaenda zake. Baba alimdai mshahara wa miezi mitatu. Badala ya fedha alipewa tandiko kuukuu, hatamu, lijamu na viatu vinne vya farasi. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vema mama alivyoviangalia vitu vile sakafuni. Alisema, "Watoto hawali ngozi." Baba hakujibu neno. Alivipandisha darini, na kila mwaka karibu na Noeli alivishusha, akavipaka mafuta, akavirudisha. Alipofariki mwaka 1989 hakuna aliyevigusa tena.

Mwaka jana nilimaliza kujenga nyumba. Binti yangu, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi kwa muuza vyombo vya nyumbani, alikuja kunisaidia kuipamba. Alipoviona vitu vile alifurahi sana. "Baba," akasema, "mjini watu hununua vitu kama hivi kwa bei kubwa, wapate kuzifanya nyumba zao zifanane na nyumba za wafuga farasi wa Ulaya na Marekani. Sisi tunavyo, tena ni vya babu!"

Mimi nilisita. Je, lile tandiko ni ukumbusho wa ustadi wa baba, au wa siku aliyodhulumiwa? Nilikwenda kwa mama, ambaye sasa amepita miaka 85, nikamwomba ruhusa. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nyumba ni yako." Ninyi mnaojua wazazi mnajua kwamba hiyo si ruhusa. Lakini binti yangu alikuwa amekwisha kuanza.

Kazi yenyewe haikutaka fedha nyingi. Ukuta mmoja aliuziba kwa mbao za pembeni, zile zenye maganda zinazotupwa kiwandani, bila kuzipiga randa. Viatu vya farasi vilipigiliwa misumari katika ubao, vikawa vya kutundikia makoti. Jirani mmoja alituambia kwamba kiatu kikielekea juu huleta bahati. Nilimjibu kwamba chuma ni chuma. Bahati ya baba ilikuwa mikono yake. Tandiko halikutundikwa kwa msumari, kwa maana lingepinda na kuharibika. Tulikata gogo la mviringo, tukalifunga ukutani, tukaliweka tandiko juu yake kama juu ya mgongo wa farasi.

Siku ya tatu mama aliingia na mkongojo wake. Alilitazama tandiko kwa muda mrefu. Nilingoja anilaumu. Akalikaribia, akalipitisha kidole, akasema, "Limekauka. Baba yako hakuacha ngozi ikauke."

Papo hapo akamtuma mjukuu wake buchani kuleta miguu miwili ya ng'ombe. Waliichemsha taratibu tangu asubuhi mpaka jioni, na mama akaonyesha jinsi ya kuyaengua mafuta yanayoelea. Ndiyo mafuta aliyotumia baba, wala sikujua kwamba ni mama aliyempikia miaka yote ile. Akamfundisha binti yangu: kwanza ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ngozi ikauke kivulini, si juani wala karibu na moto, isije ikapasuka, kisha upake mafuta kidogo kidogo, maana yakizidi ngozi hulegea na kuoza nyuzi zake.

Usiku ule tulikunywa supu ya miguu ile, sisi na watoto wote. Mama alipomaliza bakuli lake alitazama ukutani akasema, "Leo limetulisha." Hakusema zaidi. Deni la baba halikulipwa, wala mama hakusema limelipwa. Lakini tangu siku ile huketi chini ya tandiko lile akisuka vikapu vyake, na mgeni akiuliza habari za farasi, yeye ndiye anayejibu.

Wasomaji wapenzi, labda katika nyumba zenu mna randa ya babu, nyundo ya mhunzi, au cherehani iliyokwisha kufa. Msiviuze vyote kama vyuma chakavu. Viwekeni mahali panapoonekana. Lakini kabla ya kupigilia msumari, nendeni kwanza kwa wazee mkawaulize. Pengine kitu kile kina maumivu msiyoyajua, na pengine yuko mtu aliyepika mafuta yake miaka mingi, wala hakuna aliyemshukuru.