Nilimwambia binti yangu avumilie

Leo sina somo, nina kisa cha nyumbani kwangu. Juzi usiku mama mmoja wa kanisa aliniandikia: "Pasta, mtoto amefungwa bresi jana, leo hataki kula, nifanyeje?" Nilitabasamu, kwa sababu mwaka mmoja uliopita mwenye swali hilo nilikuwa mimi, na sikumuuliza mtu. Nilijifanya najua.

Mnaonijua mnayajua meno yangu. Nimekulia pande za Nakuru, na maji mengi ya kule yana floridi nyingi. Ukiyanywa ukiwa mdogo, meno ya utu uzima yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaweza kuyatoa. Nasimama mbele ya watu kila Jumapili, lakini nikipigwa picha bado nafunga mdomo. Kwa hiyo binti yetu wa pili alipoota meno yanayopandana, niliamua yeye hatafunga mdomo. Bresi si bei rahisi. Tulilipa kidogo kidogo, na nadhani ile pesa ndiyo iliyonifanya niwe mkali. Kila alipolalamika, nilisikia kama anataka kuitupa.

Siku aliyofungwa alirudi akijitazama kwenye kioo cha gari. Kufika jioni kicheko kimeisha. Tulikuwa na ugali na nyama, akatafuna mara mbili akaweka chini. Nikamwambia, "Vumilia, meno yanasogea." Siku hiyo sikuwa nimekosea. Waya unapoanza kusukuma meno, maumivu huja baada ya saa chache, kesho yake yanazidi, halafu yanapungua siku baada ya siku mpaka wiki ikiisha mtoto ameshasahau. Hata hivyo si lazima ateseke. Mama watoto alimpikia uji, viazi vya kuponda, ndengu zilizoiva mpaka zikalainika. Akampa maziwa lala kutoka kwenye friji, maana kitu baridi hutuliza. Usiku akampa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake kilichoandikwa kwenye pakiti. (Aspirini usimpe mtoto.) Akapita.

Tatizo lilikuja baadaye, waya ulipokazwa tena. Mwezi huo, na hapa mnaweza kunicheka, nilikuwa nafundisha mfululizo juu ya uvumilivu. Jumatano akaniambia, "Baba, kuna kitu kinanidunga nyuma huku." Nilikuwa natayarisha somo. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Ni siku tatu tu, vumilia."

Alhamisi hakuniambia kitu. Ijumaa pia. Nikajua yameisha.

Jumapili alisimama na timu ya sifa na hakufungua mdomo. Wimbo wa kwanza, wa pili, yeye ameshika maiki tu, anatazama chini. Nilikasirika. Nilifikiri ni kiburi cha umri ule, kwamba anaonea haya bresi ambazo baba yake amezilipia kwa shida. Tulipofika nyumbani nikaanza kumkemea hata kabla ya kuvua koti.

Mama watoto akamketisha dirishani, akawasha tochi ya simu. Halafu akaniita "Pasta". Ndani ya nyumba akiniita hivyo, najua nimekosa. Nikaangalia. Ncha ya waya ilikuwa imetoka nyuma ya jino la mwisho na kuzama kwenye nyama ya shavu. Kidonda kilikuwa kikubwa kama punje ya hindi, cheupe katikati. Siku nne. Na binti yangu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kugusisha shavu, akasema: "Baba, uliniambia nivumilie. Hukuniuliza panauma wapi."

Wapendwa, sikuwa na jibu.

Aliongeza kwamba usiku wa Ijumaa alichukua koleo kwenye sanduku langu la vifaa akitaka kuukata waya mwenyewe, mkono ukatetemeka, akarudisha. Hilo bado linaniamsha usiku. Kipande cha waya kikikatika mdomoni kinaweza kumezwa, au kikaingia njia ya hewa.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, kliniki imefungwa. Tulitoa kile kikasha cha nta tulichopewa siku ya kwanza, ambacho hatukuwa tumekifungua. Kwanza tulichukua penseli mpya, tukaosha rababa yake, na mama yake akausukuma waya polepole ulale kwenye jino. Kisha akamega nta kidogo, kama njegere, akaiviringisha vidoleni mpaka ikalainika. Mara ya kwanza ilianguka. Tulikuwa hatujakausha jino, na nta haishiki palipo na mate. Tukapangusa kwa kitambaa safi, tukaibandika tena, ikashika. Kama mtoto ataimeza kwa bahati mbaya haimdhuru. Kidonda kikasukutuliwa kwa maji ya vuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, anatema, hamezi. Usiku ule alilala.

Jumatatu daktari wa meno aliukata ule waya kwa muda mfupi kuliko niliotumia kutafuta maegesho. Alinieleza kwamba meno yakisogea, waya unabaki mrefu nyuma, ni jambo la kila siku kwao. Akasema mzazi atofautishe maumivu mawili. Meno yote kuuma kama yamechoka, hayo ni ya kusubiri. Mahali pamoja panapodunga au kuchubua, hapo ni pa kutazama kwa tochi siku hiyo hiyo na kuwapigia simu.

Tangu hapo tumepata mengine. Kile kidude kinachogandishwa kwenye jino kilibanduka siku aliyokula mahindi choma kwa shangazi yake. Kilikuwa bado kinaning'inia kwenye waya, tukakiacha hapo hapo, tukakifunika kwa nta, tukapiga simu. Usikivute, na usijaribu kukigandisha kwa gundi ya viatu. Mahindi sasa anapukuchuliwa na kuchemshiwa. Miwa na njugu zinasubiri mpaka bresi zitoke. Kupiga mswaki ndiko kunakotuletea kelele nyumbani, kwa sababu chakula kinajificha chini ya waya, na uchafu ukikaa pale unaacha alama nyeupe kwenye jino ambazo utaziona bresi zikitolewa. Kuna mswaki mdogo mwembamba wa kupitisha chini ya waya, mnunulie.

Na mama uliyeniandikia, ukiona uso umevimba, homa, au mtoto anakohoa na kukosa pumzi baada ya kupoteza kipande, usiningoje nijibu simu. Nenda hospitali. Nitawaombea mkiwa njiani.

Siku hizi nta inakaa kwenye mfuko wa koti langu, pamoja na leso. Jumapili iliyopita, katikati ya matangazo, nilimwona ameshika shavu kule kwenye timu ya sifa. Nikamwita mhudumu, nikampa kile kikasha ampelekee. Watu walidhani ni bahasha ya sadaka.