JINA KAPUNI: Aligawa Maiki Mbele ya Kamera, Akaifuata Usiku

Wadau wangu, leo siongelei nani kaachana na nani. Naongelea maiki. Ndio, maiki, intafesi, hedifoni, vile vitu ambavyo mtu akishanunua vipya anavisukuma uvunguni mwa kitanda na kuvisahau. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa muziki wa vijana unaishi kwa vitu vya uvunguni. Kuna watu wanavigawa kwa roho safi, na kuna wengine wanavigawa kama mvuvi anavyogawa chambo.

Mtu wa Dar huenda asielewe, kwa hiyo nianze naye. Wewe ukitaka waya wa maiki unapanda daladala mpaka Kariakoo, unaujaribu dukani, unarudi nyumbani kabla chai haijapoa. Huku maduka ya simu yapo, yanauza chaja, iafoni na masabufa ya kutikisa mtaa. Vya kurekodia unaagiza. Unatuma pesa kwa mtu ambaye hujawahi kumuona, mzigo unapandishwa basi, unakaa siku mbili tatu unaomba Mungu. Ukifika umekufa, basi ni wewe na msiba wako.

Halafu pesa ya huku ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, wazee wakiingiziwa chao benki, na vijana wenye mikorosho yao au waliobangua na kubeba magunia nao wanapata kitu. Ndio muda ambao unasikia fulani kanunua intafesi ya matundu mawili. Sasa ile ya tundu moja inaenda wapi? Hapo ndipo stori yangu inapoanzia. Kuna moja naijua mimi ilianza Nachingwea mjini, ikaenda Ruangwa, ikarudi tena Nachingwea kwa dogo wa tatu. Kifaa kimoja, vijana watatu, na wote walijifunzia kurekodi hapo hapo.

Na msione ni utani wa watoto. Miaka ya mwisho ya 1990 ukitaja studio ulikuwa unataja Dar: MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani. Wa kusini ulitakiwa uwe na nauli, uwe na pa kulala, na ubahatike foleni. Programu kama FL Studio, iliyotoka mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na Audacity ya bure ya mwaka 2000, ndizo zilizohamisha studio kuja chumbani. Singeli ikamaliza ubishi kabisa. Vijana wa Sisso Studios pale Mburahati walitengeneza biti kwa kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, ukasikika mpaka Ulaya.

Kwa hiyo biti sio shida tena. Shida ni sauti ya mtu. Tundu la maiki la laptopu limetengenezwa kwa ajili ya kupiga stori kwenye simu za video, ukiimbia humo unasikika kama upo ndani ya ndoo. Intafesi inachukua sauti kutoka kwenye maiki ya maana, inaibadilisha kuwa namba mara 44,100 kwa kila sekunde moja, ndipo kompyuta inaielewa. Na zile maiki za kondensa haziamki bila kupelekewa volti 48, umeme ambao laptopu yako haitoi kwenye kitundu kile. Ndio maana kifaa kidogo kama kitabu kinamtenganisha dogo mwenye kipaji na wimbo unaosikilizika.

Sasa tuje kwa mheshimiwa wetu. Jina kapuni, na naomba msianze kubahatisha huko chini kwenye komenti.

Huyu ni mtu wa mtandaoni, ana wafuasi wake. Alikuja Ruangwa na gari, na kamera mbili, na begi. Ndani ya begi kulikuwa na laptopu iliyotumika, maiki, intafesi na hedifoni mbili. Akaita vijana, akasema anarudisha kwa jamii. Dogo mmoja akaambiwa apige goti apokee, akapiga. Picha ikapigwa. Watu wakashangilia, na mi nilikuwa mmoja wa walioshangilia, maana vifaa vilikuwa vizuri kweli.

Baada ya wiki kadhaa masharti yakaanza kuja kidogo kidogo. Kila wimbo uanze na jina lake likitajwa. Kila wimbo upandishwe kwanza kwenye chaneli yake. Mapato, kama yapo, yatazungumzwa baadaye. Dogo akavumilia nyimbo mbili. Wa tatu akauweka kwenye ukurasa wake mwenyewe. Jioni ya siku iliyofuata, baada ya isha, bodaboda mbili zikasimama mlangoni kwao. Wakachukua kila kitu, na laptopu yenyewe, na dogo alikuwa hajatoa nakala. Nyimbo tisa zikaondoka na kompyuta.

Kinachoniuma sio zile nyimbo tisa, ataandika zingine. Kinachoniuma ni kwamba ile picha ya dogo akiwa amepiga goti bado ipo kwenye ukurasa wa mheshimiwa, na laiki zinaendelea kuongezeka. Vifaa vimeondoka, sifa ya kutoa imebaki.

Wadau, tuambiane ukweli. Kumpa mtu maiki hakukufanyi uwe mtunzi wa wimbo wake. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi yako unaweza kuisajili COSOTA. Kama unataka kuwa bosi wa studio, sema wewe ni bosi, andikisheni mkataba, kila mtu asome. Kuazima ni kuazima na zawadi ni zawadi. Ubaya ni kuazima huku unaita zawadi.

Kuna na aina ya pili ya utoaji, ya watu wanaogawa ili wasafishe stoo. Anakupa intafesi haina waya, haina programu ya kuiendesha, na kampuni ilishaacha kuitengenezea programu miaka mingi, Windows yako haiitambui. Au anakupa ile ya tundu la FireWire wakati laptopu yako ina USB tu. Kisha anakuambia, "Wewe si fundi, utajua mwenyewe." Huo ni uchafu kahamishia kwako, na bado unatakiwa useme asante.

Wazee wa Nachingwea hili wanalijua kuliko sisi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa hapa Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya Vita vya Pili, yamechoka kabla hayajaigusa ardhi. Yalivunjika, spea hamna, mafundi wachache, mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara ikaja kung'olewa. Kitu chakavu chenyewe sio dhambi, sote tunavaa mitumba. Ila chakavu kisicho na spea wala mtu wa kukuelekeza ni mzigo, uwe trekta au uwe intafesi.

Na aina ya tatu ni hatari kwa mtoaji mwenyewe. Prodyuza mmoja, naye jina kapuni, alimpa mdogo wake wa mtaani diski ya nje bila kuifuta. Humo ndani kulikuwa na sauti za msanii ambaye wimbo wake ulikuwa haujatoka. Ulifika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya msanii mwenyewe kuusikia ukiwa umekamilika. Zawadi ya diski ikageuka kesi ya kuombana radhi mbele ya wazee.

Sasa na mimi. Mwaka jana nilipata intafesi nyingine, kwa hiyo nikawa na seti ya kutoa: intafesi ya tundu moja la maiki, maiki ya kondensa, hedifoni na stendi ya mezani. Mtu wa Masasi akaniahidi 120,000. Kwangu hiyo ni kodi ya chumba ya miezi minne, sio hela ya kuchekea. Na kulikuwa na watu wawili wenye uhitaji. Wa kwanza dogo wa hapa Nachingwea, ana sauti, ana wafuasi, angenitaja kila siku. Wa pili dada mmoja wa Ruangwa, fundi cherehani. Huyu alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoinunua kwenye duka la kuchapisha lililofungwa, na alikuwa anarekodi kwa simu, amejifunika kitenge kichwani, usiku wa manane mashine ya kusaga ya jirani ikishazimwa.

Nikachagua cherehani. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: yule dogo ana watu watatu wa kumuazima maiki, yule dada hana hata mmoja, na hataweza kwenda saa nne usiku kwenye chumba cha washkaji kurekodi bila mtaa mzima kumuongelea.

Wakaniongelea mimi. Washkaji wakasema namtaka. Nilivyofika kwao na begi, mama yake akanikaribisha, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza pale pale, bila kuzunguka: "Mwanangu, hiki kitu utakuja kukidai kwa njia gani?"

Swali hilo lilinikalisha chini. Kwa mazingira yetu lilikuwa swali la haki kabisa. Yule dada naye akasema, "Kaka, mi siwezi kupokea kitu ambacho sijui mwisho wake." Basi tukachukua karatasi ya daftari. Nikaandika vitu vinne, nikaandika na ubovu wake: kitufe cha sauti ya hedifoni kinakwaruza, mguu mmoja wa stendi umelegea. Chini nikaandika kwamba havidaiwi, sio pesa, sio jina kwenye wimbo, sio kitu kingine chochote. Tarehe, sahihi yangu, sahihi yake. Akaniomba tuongeze mstari mmoja, kwamba siku akipata vizuri zaidi, hivi atampa msichana mwingine. Mama akaikunja ile karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kitu cha kwanza alichonitumia baada ya wiki hakikuwa wimbo. Ilikuwa sauti yake anauliza kwa nini anasikia kama nyuki nyuma ya maiki. Tukatafuta kwa simu mpaka tukagundua waya wa maiki ulikuwa umelala sambamba na ekstensheni ya umeme. Kausogeza, nyuki wakahama. Siku nyingine sauti ilikuwa inamrudia imechelewa masikioni. Bafa ilikuwa 1,024, tukaishusha mpaka 256, na ucheleweshaji huo ukapungua kutoka milisekunde kama 23 mpaka kama 6. Anapomiksi anaipandisha tena, maana ile kompyuta ni mzee wa watu, ikibanwa sana inakohoa. Sasa hivi ana nyimbo nne, sauti safi, na mashine ya jirani bado inamlazimisha asubiri usiku. Yule dogo wa Nachingwea hanisalimii mpaka leo. Nimekubali hiyo ni sehemu ya bei.

Kwa hiyo kama una kitu uvunguni, kabla hujakitoa kijaribu kwenye kompyuta ya anayepokea, sio yako. Toa na waya zake. Sema ubovu wote kwa mdomo, usisubiri augundue. Futa kazi za watu kwenye diski. Kama unatoa laptopu, muelekeze atoe kila wimbo kama faili la WAV na aweke kwenye flashi, kwa sababu FL Studio ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi kazi lakini haikufungulii tena mpaka ulipie. Na ubaki kwenye simu mwezi mmoja wa kwanza, maana maswali ya nyuki yatakuja tu. Kamera iache nyumbani. Akitaka kukupost mwenyewe atakupost.

Na wewe unayepokea, uliza kama alivyouliza yule mama. Uliza mwisho wake kabla hujapiga picha. Anayetoa kwa moyo hatakasirika, na akikasirika basi umeshapata jibu bila kupoteza nyimbo tisa.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alikupa kifaa chako cha kwanza, na alikudai nini? Walioko Lindi, Masasi, Liwale, semeni una nini uvunguni na nani anakihitaji. Majina ya wabaya wekeni kapuni, ila majina ya waliotoa kwa roho safi tajeni kwa sauti.