Simba wa Copley, Simba wa Banda Street

Boston, Massachusetts



Treni ya asubuhi kutoka Lowell huingia North Station ikiwa imebeba watu waliokesha zamu ya usiku na wengine wanaokwenda kuanza ya mchana. Lowell ni mji wenye Wakenya wengi. Ukikaa kimya ndani ya behewa, si ajabu kusikia Kiswahili viti viwili nyuma yako, mtu akilalamika kwa simu kwamba unga umepanda bei. Jumamosi moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imerundikwa kando ya barabara, mama mmoja aliyelelewa Kangemi alishuka hapo na mwanawe wa miaka tisa. Wakabadilisha treni, wakaibukia Copley. Safari yao ilikuwa ya maktaba.

Mama huyu hutunza wazee majumbani, kazi ambayo Wakenya wengi wa hapa wameanzia. Mwenzake wa kazini alipomwambia kwamba Maktaba ya Umma ya Boston humpa kadi mkazi yeyote wa jimbo la Massachusetts, hakuamini. Siku ya kwanza aliingia na pochi mkononi, akiangaza macho kutafuta dirisha la kulipia. Hakuliona. Aliombwa uthibitisho wa jina na anwani, akapewa kadi, akaonyeshwa rafu za watoto. Alirudi nyumbani na vitabu kumi na viwili ndani ya mfuko wa sokoni, kisha akashinda wiki nzima akiogopa faini ya kuchelewa. Hakujua kwamba faini hiyo ilikwisha kufutwa Julai 2021.

Tangu hapo maktaba imekuwa kama shangazi anayejua shida za kila mtu. Kuna vikundi vya mazungumzo ya Kiingereza kwa wageni, na mtu anayejiandaa kwa mtihani wa uraia hupata vitabu na msaada. Kuna kompyuta za kuombea kazi, na mkutubi wa kukuonyesha pa kuanzia. Kuna hata pasi za makumbusho zinazoazimwa kama vitabu, ili familia isiyo na dola za kuchezea nayo ipeleke watoto kuona mambo kwa bei nafuu au bure. Wakenya wangapi wanapita mbele ya jengo hilo kila siku na hawajui lolote kati ya hayo? Wengi mno.

Jumamosi ile kijana alitaka kwanza kuwaona simba wa maktaba. Wamelala juu ya ngazi kuu, wawili, kazi ya mchongaji Louis Saint-Gaudens, kumbukumbu ya vikosi viwili vya Massachusetts vilivyopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwili wa kila simba umebaki mkavu bila kung'arishwa, ila mkia. Mkia unametameta kama sahani ya kaure, maana kila anayepita huupapasa akitafuta bahati, na viganja vya watu vimefanya kazi ambayo fundi hakuimaliza. Kijana akainua mkono, akaupapasa. Mama akamwambia: "Hata kwetu tunao, tao, pale Banda Street."

Anayeijua Nairobi anajua anachosema. Ukitoka City Market kuelekea Msikiti wa Jamia, unaiona Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, nguzo zake ndefu mbele na simba wawili wa mawe wakilinda ngazi. Adhana ikitolewa Jamia, wasomaji ndani wanaisikia. Jengo lilifunguliwa 1931. Aliyelisimamisha ni Lucie McMillan, kwa kumkumbuka mumewe William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis hapa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa upande wa Juja na akazikwa mlima Ol Donyo Sabuk. Mwaka 1938 maktaba ikatungiwa sheria yake yenyewe, heshima ambayo majengo machache sana nchini yameipata.

Sheria haikumlinda kila msomaji. Hadi 1958 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepita Banda Street mwaka 1950 aliruhusiwa kuwatazama simba, lakini kupita katikati yao akaketi kusoma, hapana. Huku Boston, maktaba ilianzishwa 1848, na juu ya mlango wa jengo la Copley lililofunguliwa 1895 yakachongwa maneno yanayosema kwamba humo ni bure kwa wote. Tusiwapambe Wamarekani: katika enzi hiyohiyo miji mingi ya kusini mwa nchi yao iliwafungia watu weusi milango ya maktaba. Hata hivyo mama wa Kangemi alisimama chini ya maneno yale, akamsomea mwanawe kwa sauti, kisha akanyamaza. Baba yake alifika Nairobi akiwa kijana mwaka 1956. Kwa miaka miwili ya kwanza ya maisha yake mjini, nyumba ya vitabu iliyokuwa katikati ya jiji haikuwa yake.

Ndani ya McMillan kuna zaidi ya vitabu na hati 400,000, yakiwemo magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki ambayo huwezi kuyapata kirahisi kwingine. Ni hazina, lakini hazina iliyokusanywa na watu walioamua nani aandikwe na nani apitwe. Ukifungua gazeti la miaka ya 1930 ukitafuta habari za mtaa wa Pumwani, utakuta zaidi kesi za mahakamani na malalamiko kuhusu usafi. Arusi za Pumwani, mechi zake, majina ya fundi wake wa kushona na mwalimu wake wa madrasa, yote hayo yalibaki vichwani mwa watu na ndani ya masanduku yao.

Hapo ndipo kazi ya Angela Wachuka na Wanjiru Koinange inapogusa moyo. Mwaka 2017 walianzisha shirika la Book Bunk, wakashirikiana na Kaunti ya Nairobi kuifufua McMillan na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Hawakuanza na simba na nguzo za katikati ya jiji. Walianza na matawi, wakayakarabati, na wakazi wa mitaani wakaulizwa wanataka maktaba ya namna gani. Mwandishi wa barua hii anaona hilo ndilo jambo kubwa kuliko rangi yoyote mpya ukutani. Kaloleni ni mtaa wa miaka ya 1940, wenye ukumbi ambamo wanasiasa wa kupigania uhuru walikutana. Mzee wa mtaa kama huo hahitaji kupelekewa historia. Anahitaji meza, kiti, mtu wa kumsikiliza, na ukuta wa kutundikia picha zake.

Wakenya wa ughaibuni hupenda kutuma vitabu nyumbani. Makasha hujazwa riwaya zilizokwisha kusomwa na ensaiklopidia za zama za kabla ya intaneti, nauli ya meli ikazidi thamani ya mzigo. Nia ni njema, na kitabu kizuri cha watoto hakikataliwi popote. Lakini kuna mzigo mwingine mwepesi zaidi ambao ni sisi tu tulio nao. Katika kila nyumba ya Mkenya Lowell, Worcester au Dallas kuna bahasha ya picha zilizosafiri ndani ya sanduku: baba mbele ya Kencom, shangazi na wenzake wa chuo cha ualimu, harusi ya Kawangware, basi la miaka ya 1970 likiwa na namba yake. Wazazi wakifa, watoto waliozaliwa huku hawatajua yupi ni nani, na bahasha itatupwa siku ya kuhama.

Yupo aliyetutangulia katika njia hii ya kutunza kumbukumbu. Joseph Murumbi aliishi uhamishoni London katika miaka ya 1950, akifanya kazi ya ukarani katika ubalozi wa Moroko huku akipigania uhuru wa makoloni. Alipenda vitabu na kazi za sanaa za Kiafrika, akakusanya maisha yake yote. Alirudi, akawa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Leo mtu akingoja mvua ipungue pale Moi Avenue anaweza kuingia jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, akakuta mkusanyo wa Murumbi umewekwa ukumbini, na maelfu ya vitabu vyake yakiwa sehemu ya hifadhi hiyo.

Jumamosi ile mama hakuja Copley kuazima vitabu tu. Baada ya kumwacha kijana kwenye maonyesho ya ramani ya Kituo cha Leventhal humohumo maktabani, alitoa mkobani picha moja iliyofungwa kwa karatasi laini. Ni baba yake, suti ya kijivu, mkono mmoja juu ya simba wa Banda Street, na kando yake rafiki mrefu aliyecheka macho yakafumba. Mkutubi alimwonyesha mashine ya kunakilia, akamsaidia kupata nakala safi ya kutuma Nairobi. Kisha akamshauri aandike nyuma ya picha majina na mahali, kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi na kuharibu sura upande wa pili.

Mama akaigeuza picha, akaandika polepole jina la baba yake, Banda Street, 1964. Jina la rafiki hakulijua. Akaacha nafasi, akatoa simu, na ingawa Kangemi ilikuwa imeshaingia saa moja ya usiku, akampigia mama yake.