Mwanza–Dar: Saa moja na nusu ya ndege, siku nzima ya mgonjwa

Ukinyoosha uzi kwenye ramani kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, unapata kama kilomita 850. Ndege inazimaliza kwa takriban saa moja na nusu. Barabara haina haraka hiyo: inapita Shinyanga, Nzega na Igunga, inapanda Mlima Sekenke, inaikuta Singida, kisha Manyoni, Dodoma na Morogoro. Jumla ni karibu kilomita 1,150, na basi linalotoka Nyegezi alfajiri huingia Stendi ya Magufuli, Mbezi, giza likiwa limeshatanda.

Wengi wanaosafiri njia hii hawaendi kutembea. Wapo wenye barua ya rufaa ya Muhimbili, wa kliniki ya moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, na wanaokwenda Ocean Road kwa saratani. Kwao swali la ndege au basi hugeuka kikao cha ukoo: nani atachanga, nani atamsindikiza mama.

Saa moja na nusu ni ya angani tu. Ongeza safari ya kufika uwanjani, kule kando ya ziwa, kusubiri kupanda, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere kutoka Kipawa hadi Upanga. Mgonjwa aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anaweza kulala kitanda cha ugenini akiwa hoi, hata kama ndege haikuchelewa.

Hata hivyo, ndege ina faida moja kubwa: miguu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujinyoosha, iwe kwa basi, treni au ndege, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito na mwenye saratani wako hatarini zaidi. Kwenye basi, basi lisimame Singida au Dodoma, mama ashuke atembee, na asikatazwe maji eti atasumbua dereva. (Ndivyo wazee wengi wanavyofanyiwa.)

Ndege nayo ina masharti. Hewa ndani yake ni nyepesi, sawa na kuwa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au upungufu mkubwa wa damu amuulize daktari kabla ya kulipa nauli. Mjamzito aliyevuka wiki 28 huombwa barua ya daktari na mashirika mengi, na baada ya wiki 36 mengi hayambebi.

Ila kuna jambo ambalo kikao cha ukoo hukisahau. Mionzi ya saratani mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hapo nauli ya ndege ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kubwa ni chumba cha kulala, chakula na daladala ya kila asubuhi. Bugando, palepale Mwanza, nayo inatoa tiba ya mionzi. Kabla ya kuchanga nauli, mtu mmoja aende na ile barua ya rufaa akaulize kama mama anaweza kutibiwa hapo, arudi kulala nyumbani kwake Buhongwa.