Atalipa Nani?

Vijana wa leo wana swali moja kwa kila shujaa wa filamu: hasara hii atalipa nani? Jitu limeng'oa daraja, mji umeokoka, wao wanauliza habari za mama ntilie aliyekuwa akipika chini ya lile daraja. Mjukuu wangu alinionyesha The Incredibles, katuni ya mwaka 2004, ambamo mtu aliyejirusha ghorofani anadakwa hewani na shujaa, kisha anamshitaki mahakamani kwa kumwokoa bila kuombwa. "Babu," akaniambia, "zamani hamkuwa na hadithi za hivi."

Swali lao nalipenda. Ninachokataa ni kwamba limezaliwa juzi.

Chukua kisa cha kale cha jitu Fumo Liongo, ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 na bibi zetu hawakumhitaji Steere kukijua. Jitu hilo halidhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba, lakini likifungwa minyororo linahitaji tupa kama mfungwa mwingine yeyote. Mama yake anaificha ndani ya mkate wa wishwa. Kijakazi anapofika nao gerezani pamoja na vyakula vinono, walinzi wanakula vinono, mkate wa wishwa wanamwachia mfungwa. Mpango mzima umesimama juu ya ulafi wa askari! Tena tupa ina kelele. Kwa hiyo ngoma ya gungu inachezwa nje, na wakati watu wamepandisha sauti ndipo Liongo anakereza chuma. Ni filamu ngapi zimekumbuka kwamba tupa ina kelele?

Kisha anadungwa sindano ya shaba kitovuni, usingizini, na mwanawe (wengine husema mpwawe). Anaamka, anashika upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, anafia hapo hapo. Mtunzi mvivu angeishia hapo. Bibi zetu hapo ndipo walipokaa kitako, maana mji sasa hauna maji. Wachotaji wanamwona amelenga, wanatimua mbio na mitungi mitupu. Inabidi mama yake aitwe ambembeleze kwa nyimbo ainuke, naye anadhani mwanawe amekasirika tu. Kisa hiki tulisimuliwa na watu waliojitwika maji alfajiri. Mtu wa namna hiyo husikii akitaja shujaa kisimani asiulize mjini walipika nini siku hiyo.

Sisi tulipoanza kwenda sinema ndipo tulipozoea ubwete. Bastola haikuisha risasi, na mtu alipiga wahuni ishirini nywele zikabaki na mafuta yake. Sholay ya mwaka 1975 niitoe: yule Thakur aliyekatwa mikono anatembea amejifunika shali, na tulipojua sababu ukumbi mzima ulipiga ukunga. Nyingine tulimeza tu.

Tofauti ninayoiona kwa wajukuu ni hii: swali wanaliuliza ili wacheke. Gharama inatajwa kwa mzaha, kisha jengo jingine linaporomoshwa. Kwa wasimulizi wa kale, gharama ikishaingia hadithi haitoki, na inapindua mambo. Ndiyo maana yule kijana wa Spider-Man 2 namkubali. Anafukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa kuchelewa, mwenye nyumba anamdai kodi, hadi anaona afadhali aache ushujaa. Barazani kwetu angesikilizwa.

Mjukuu wangu amekwama kwenye mwisho wa Liongo. Yule muuaji aliahidiwa mke mzuri. Kazi ilipokwisha, kwa Steere, wenye mji walimkamata wakamuua, mke hakupewa. Anasema huo ni usaliti, na kwamba ahadi ni ahadi. Nimemwambia ajiweke mahali pa baba wa yule binti: mkwe anayekuja hodi ndiye aliyemdunga sindano mzee wake mwenyewe akiwa amelala. Wewe ungemfungulia mlango?