Nakala Iliyokumbuka Mno

Twataka kuwaeleza kosa letu, lisije likawapotezea ninyi pia siku nzima.

Mwaka 2012 sisi mafundi wawili tulikuwa tukitunza seva ya dispensari moja. Ilitumia Linux, aina ya CentOS 6, nayo ilishika majina ya wagonjwa na hesabu ya dawa. Mashine ilikuwa imezeeka, ikizimika mara kwa mara. Basi usiku mmoja tulinakili diski yake yote, tukatia nakala katika mashine mpya. Ikawaka vizuri, nasi tukaenda kulala wenye furaha.

Kulipokucha wagonjwa walikuwa wamekwisha kujaa barazani, na seva haikuonekana kwenye mtandao. Ilituambia kwamba kadi ya mtandao, eth0, haipo. Tukabadili waya, bure. Tukailaumu kadi, tukataka kutuma mtu mjini kununua nyingine. Mgawaji wa dawa akaanza kuandika kwa mkono, wala hakutulaumu. Kimya chake kilitutia haya.

Mwisho mmoja wetu aliuliza: «Je, tumeiuliza mashine ina kadi gani?» Tukaandika ifconfig -a. Kumbe kadi ilikuwapo, nzima kabisa, ila jina lake eth1!

Sababu ni hii. Kila kadi hutoka kiwandani na anwani yake, iitwayo MAC, yenye jozi 6 za tarakimu na herufi. Katika CentOS 6, sehemu iitwayo udev huandika anwani hiyo pamoja na jina la kadi katika faili 70-persistent-net.rules, ndani ya /etc/udev/rules.d. Tuliponakili yote, tulinakili na faili hiyo. Jina eth0 likabaki kuwa mali ya kadi ya zamani. Kadi mpya ikapewa jina lililofuata. Lakini mipango yote ya mtandao ilimngoja eth0.

Tukaifuta faili ile. Katika ifcfg-eth0 tukaondoa mstari wa HWADDR, wenye anwani ya zamani. Tukaiwasha mashine upya: udev ikaandika faili nyingine, eth0 ikarudi. Kazi ya dakika chache, nasi tulikuwa tumepoteza asubuhi nzima ya watu wagonjwa.

Linux nyingi za sasa huipa kadi jina kwa kufuata mahali ilipochomekwa. Hata hivyo anwani ya zamani yaweza kujificha katika faili nyingine. Tangu siku ile, kabla ya kukihukumu chombo, twasoma kwanza yaliyoandikwa ndani yake.