Kuhesabu na Kuhesabiwa

Karibu kila kabila huhesabu. Huko Turwa, katika wilaya ya Tarime, mzee wa Kikurya asiyepata kushika kalamu huwatazama ng'ombe wake wakiingia zizini jioni, na kabla mlango haujafungwa hujua kama yuko mmoja asiyerudi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini daftari la mzee huyo ni jicho lake, na makosa yake ni haba.

Katika zizi hilo hilo binti naye huhesabiwa. Mahari ya Wakurya hulipwa kwa ng'ombe, na msichana akaribiapo kuolewa huambatana na idadi ya vichwa. Desturi hiyo ina heshima yake, kwa kuwa huunganisha koo mbili. Ina hatari yake pia, kwa kuwa ng'ombe waweza kumwita binti nje ya darasa kabla hajakijua kipaji chake. Huyo huhesabiwa kabla hajahesabu.

Laiti binti huyo angesikia habari za Verdiana Masanja, aliyezaliwa mwaka 1954 Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Berlin kuchunguza mwendo wa majimaji ndani ya bomba, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hesabu.

Laiti angesikia na habari za Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977. Tasnifu yake ya mwaka 2004, katika chuo cha Harvard, ilikuwa kazi ya kuhesabu: ni njia ngapi, zisizozidi urefu fulani, ziwezazo kuzunguka umbo lililopinda na kurudi zilikoanzia pasipo kujikata? Juu ya umbo lenye matundu mawili, urefu mkubwa ukizidishwa mara mbili, idadi ya njia huwa karibu mara 64. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvikwa nishani ya Fields. Mwaka 2017 saratani ilimwua, naye ana miaka 40. Jina lake halikuzikwa pamoja naye. Tangu mwaka 2021 tuzo yenye jina hilo, ya dola 50,000, hutolewa kila mwaka kwa wanawake waliopata udaktari wa hesabu katika miaka miwili iliyotangulia.

Si kila binti wa Turwa atakayetwaa tuzo kama hiyo. Tuzo ni chache na watu ni wengi. Lakini njia iendayo kwenye tuzo huanzia kwenye dawati la shule ya msingi, na aondolewaye hapo hawezi kushinda wala kushindwa.

Ng'ombe mmoja akipotea, mzee halali. Huwasha taa akatoka kumtafuta. Akili ya binti ikipotea, zizi huonekana limejaa na hesabu huonekana sawa. Kumbe hasara ya usiku huo yashinda kundi zima, na hakuna aliyetoka na taa.